Uliza Bei ya Ekrani Kabla ya Bei ya Simu



Mwezi uliopita, saa tano ya usiku, mdogo wangu alinitumia video ya dakika tatu. Mwanaume amesimama ndani ya chumba cheupe, simu mpya mkononi. Anaiinua mpaka kifuani, anaiachia. Muziki unashuka, picha inakwenda polepole, simu inagonga chini kwa pembe, inaruka, inalala. Anaiokota, anaigeuza mbele ya kamera: hakuna hata mkwaruzo. Chini ya video mdogo wangu aliandika: "Yaya, umeona? Hii haivunjike. Niongezee tu makuta yenye kubakia, nitakurudishia."

Mdogo wangu ni finalisti mwaka huu. Kwake simu si pambo. Mahojiano ya memwari atayarekodi humo, kurasa za kwanza ataziandika humo mpaka apate kompyuta ya kuazima, pesa ya usafiri inaingilia humo kwa M-Pesa ao Airtel Money, na siku kazi ikipatikana, watamwita kwa hiyohiyo. Kwa hiyo alistahili jibu la maana. Usiku ule sikumjibu. Juu ya nini? Juu hata mimi niliisha kununua simu kwa sababu ya video kama ile, na najua ilinifikisha wapi.

Ilikuwa 2022. Jioni nilikuwa ninafundisha watoto wa jirani hesabu, na kwa miezi saba niliweka dola mojamoja mpaka zikafika 150. Simu niliyochagua (jina lake naliacha, juu kosa halikuwa lake peke yake) ilikuwa imeangushwa mara sita kwenye video na ikapona. Kwangu ilidumu miezi mine. Asubuhi moja nilipanda taksimoto toka Ndosho kwenda mjini. Gurudumu likaruka juu ya jiwe, simu ikatoka mfukoni mwa koti, ikaanguka juu ya lava. Watu wa Goma wanajua ninasema nini: jiwe jeusi la Nyiragongo, lile tunalojengea nyumba na kutembea juu yake, limejaa vishimo na meno.

Ekrani ikawa nyeusi yote. Lakini simu haikufa, na ile njo ilikuwa mateso yenyewe: ilikuwa inalia. Saa ine direkta wangu wa memwari akaniita. Nikaisikia inalia, nikaitazama, sina pa kugusa. Mahojiano yangu kumi na mane yalikuwa salama mule ndani, mlango umefungwa, na ufunguo ulikuwa ile ekrani iliyovunjika.

Fundi wa Birere akaniambia: "Kaka, ekrani ya orijinali iko dola makumi tano, tena hapa haiko, mpaka tuiagize. Ya kopi iko makumi mbili na tano, naiweka leo. Chagua." Nikachagua kopi, kama wengi wetu. Hata hizo dola 25 sikuwa nazo. Kuzikopa kulinichukua siku tisa, tarehe ya kuweka memwari ikanipita, nikaingia seshoni ya pili. Miezi miwili baadaye simu ileile ilianguka toka kitandani, hata nusu mita haikufika, na haikuamka tena.

Tangu wakati huo hizi video za kuangusha simu ninazitazama na kalamu mkononi. Sisemi kwamba zinadanganya. Mwenye kuangusha ameangusha kweli, na simu imepona kweli. Shida ni kwamba zinatuambia kitu kidogo sana, nasi tunakichukua kuwa kikubwa. Kuna mambo mane hazituambii.

La kwanza: simu ya kwenye video ni mpya. Kioo kipya kina nguvu yake ya pekee. Kiwandani wanakichovya ndani ya chumvi ya potasiamu iliyoyeyushwa, kwenye joto la karibu nyuzi 400. Chembe za sodiamu zinatoka kwenye uso wa kioo, na chembe za potasiamu, ambazo ni kubwa zaidi, zinaingia pahali pao. Zinabanana kama watu ndani ya basi ya asubuhi, na kwa sababu ya kubanana huko ufa haupati nafasi ya kufunguka. Ni kazi nzuri. Lakini ngozi hiyo iliyobanwa ni nyembamba sana, na kila mkwaruzo unaoipenya ni mwanzo wa ufa. Sasa fikiria vumbi letu. Ndani ya mchanga kuna kwatzi, nayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs iko na 7, wakati vioo vingi vya simu vinaanza kukwaruzika kwenye 6. Simu iliyokaa miezi sita ndani ya mfuko wenye vumbi si ile simu ya kwenye video tena, hata kama jina na bei ni vilevile.

La pili: mwenye kuangusha amesimama. Kitu kikianguka toka mita moja kinafika chini na mwendo wa karibu kilomita 16 kwa saa. Toka mita moja na nusu, karibu 20. Lakini simu inayotoka mfukoni mwa mutu aliye juu ya pikipiki ya kilomita 40 kwa saa iko na mwendo huo wa 40 hata kabla ya kuanza kushuka. Itagonga, halafu itasuguliwa. Hilo la kusuguliwa sijaliona kwenye video hata moja.

La tatu, na kwangu njo kubwa: chini kuna nini? Tunapenda kusikia mita. "Mita mbili!" tunasema, kama vile mita njo inavunja simu. Tuchukue mfano wa Corning, kampuni ya Marekani inayotengeneza Gorilla Glass. Mwaka 2018 ilisema kwamba kioo chake cha sita kilipona kwenye maabara, kwa wastani, mara 15 toka mita moja. Mwaka 2020 kikaja Victus, ikatangaza mita mbili. Mwaka 2022 kikaja Victus 2, na tangazo likarudi kwenye mita moja! Mutu anayesoma haraka atasema wamerudi nyuma. Hapana. Ile mita moja ya 2022 ilikuwa juu ya uso unaofanana na beto, na beto ni kali kuliko uso unaofanana na lami. Kampuni yenyewe ilikuwa inatuambia kwamba mita bila kusema chini kuna nini haina maana. Kwenye matope simu inapata nafasi ya kusimama polepole, milimita kwa milimita. Kwenye beto inasimama palepale, na nguvu yote inakwenda kwenye kadoa kadogo kaliko gusa. Kwenye lava, kadoa kale ni jino la jiwe. Sijaona maabara inayoweka lava chini.

La ine: ni simu moja tu. Geuza mukono kidogo, itaangukia mgongo badala ya pembe, na matokeo yatabadilika. Tuliofanya kozi ya takwimu tungemuangusha mwanafunzi anayeandika hitimisho juu ya mfano mumoja. Kwa video, tunaruka na furaha. Kuna wanaojaribu kufanya vizuri: chaneli ya PhoneBuff inatumia mkono wa mashini ili simu mbili zinazolinganishwa zianguke toka urefu uleule, kwa upande uleule. Hiyo ni heshima kwa mtazamaji. Lakini wengi wanaachia tu, wanasali, wanapandisha video.

Kuna na neno lingine linalotutisha madukani: "kipimo cha jeshi". Muuzaji anakuonyesha kwenye karito: MIL-STD-810G. Unafikiri simu imepita vitani. Ni kanuni ya kweli ya jeshi la Marekani, na toleo hilo la G ni la 2008. Linaomba kitu kianguke mara 26 toka sentimita 122. Kwa nini 26? Shika karito ya simu, uhesabu mwenyewe: nyuso 6, kingo 12, pembe 8. Jumla 26. Mpaka hapo ni safi. Lakini endelea kusoma. Chini wanaweka ubao wa plaiwudi wa sentimita 5 juu ya beto. Na ile mara 26 inaruhusiwa kugawanywa kwa simu zisizozidi tano. Maana yake simu moja inaweza kuanguka mara tano ao sita tu, juu ya ubao, na karito ikaandikwa jeshi. Tena jeshi lenyewe halitoi cheti kwa simu za madukani. Ni mtengenezaji anayejipima na kujisifu. Plaiwudi, bandugu! Nani kati yetu iko na barabara ya plaiwudi?

Nilipomwambia hayo rafiki mumoja tuliyemaliza naye, yeye wa jiolojia, akaenda mbali kuliko mimi. "Acha hata kuhesabu," akasema. "Hawa watu wanavunja simu nzima juu ya kuchekesha watu, na mule ndani kuna tantalamu ya Rubaya na kobalti ya Kolwezi. Ndugu zetu wanashuka shimoni, wao wanaangusha ili wapate watazamaji. Ni matusi."

Maneno yake yaliniuma, na kwa sehemu ana haki. Coltani ya Masisi njo inatoa ile tantalamu ya vikapasita, tuvifaa tudogo kama punje ya mtama. Kobalti ya betri, sehemu kubwa ya ile inayochimbwa duniani inatoka kwetu. Kuvunja simu nzima bila kujifunza kitu ni kuharibu jasho la mutu. Lakini nilimkatalia. Mama anayepika anaonja sufuria kwa kijiko kimoja, hatumwambii anapoteza chakula. Simu moja iliyovunjwa vizuri, mbele ya watu, na urefu na uso wa chini vimeandikwa, inaweza kuokoa makuta ya maelfu ya watu ambao hawana nafasi ya kukosea mara mbili. Sisi hatuwezi kufungua kiwanda tukaangalie. Hatujui ubora wa gundi wala unene wa kioo. Kuanguka njo mtihani pekee ambao mnunuzi maskini anaweza kuuona na macho yake na kuuelewa bila diplomu. Kwa hiyo mimi nataka uwepo, ila tuuongezee ukali.

Na kuna waliouongezea ukali. Toka tarehe 20 Juni 2025, kwenye nchi za Umoja wa Ulaya, simu mpya inayoingia sokoni inabeba lebo yenye herufi A mpaka E kwa ajili ya kuanguka. Wanatumia mashini kama pipa linalozunguka: simu inaanguka mita moja, pipa linageuka, inaanguka tena, na tena. Simu ya kawaida, isiyokunjwa, inapashwa kuvumilia angalau mara 45 na kuendelea kufanya kazi. Mara 45! Hapo njo nilianza kuona maisha yangu mwenyewe. Simu yetu haifi kwa anguko moja la ajabu. Inakufa kwa kuanguka toka kitandani, toka mezani, toka mkononi mwa mtoto, toka mfukoni ukiinama kuchota maji.

Lakini kitu kilichonigusa zaidi kwenye lebo ile ni herufi inayokaa pembeni ya hiyo ya kuanguka. Ni herufi ya kutengenezeka: simu inafunguka namna gani, vipande vyake vinapatikana ao hapana. Ufaransa ilitangulia na noti juu ya 10, toka Januari 2021. Sasa sheria ya Ulaya inaomba vipande muhimu vipatikane mpaka miaka 7 baada ya simu ile kuacha kuuzwa. Yaani walielewa kwamba swali la kuanguka liko na swali lingine nyuma yake. Simu itaanguka. Itavunjika siku moja. Halafu?

Wazee wetu wanasifu Nokia 3310, ile ya 2000, wanasema haikuwa inavunjika. Tuseme ukweli. Ilikuwa inaachana: kifuniko huku, betri kule, mwili pale. Kutawanyika kule njo kulikuwa kunakula nguvu ya kugonga. Unaokota vipande, unavirudisha, unaendelea na mazungumzo. Ilikuwa na gramu 133 na kadirisha kadogo ka plastiki. Ya leo inakaribia gramu 200, mbele yote ni kioo, mara nyingi na mgongo ni kioo, imefungwa na gundi. Hatuwezi kurudi 2000, juu hakuna mwenye kusoma PDF ya kurasa 200 kwenye kale kadirisha. Lakini somo linabaki: simu ile ilidumu kwa sababu mwenye simu aliweza kuifungua na kuifunga bila kuomba mutu ruhusa.

Tunalijua somo hilo hata bila Nokia. Angalia chukudu inayoshuka na magunia ya viazi. Ile haina cheti cha jeshi. Inagonga mawe kila siku, inachakaa kila siku, na inadumu. Mpira wa gurudumu ukiisha, mwenyewe anapigilia mwingine kando ya barabara. Ubao ukipasuka, fundi wa mbao yuko karibu. Chukudu inavunjika sana, lakini haikai imevunjika.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu. Lebo ya Ulaya haituhusu bado. Simu nyingi za kwenye soko letu hazina herufi yoyote, na hata zile zenye jina moja zinaweza kuwa toleo lingine. Kumwambia "tafuta herufi A" ni kumcheka. Basi asubuhi nilimwita, nikamwambia: "Hiyo video nimeiona. Ni ya kweli. Sasa usiende kwanza kwenye duka la simu. Nenda Birere kwa mafundi, uwaulize bei ya ekrani ya hiyo simu."

Akanyamaza kidogo. "Yaya, simu sijainunua, nikaulize ekrani?"

"Njo hivyo."

Alikwenda. Alirudi na karatasi yenye majina ya simu tatu. Kwa ile ya video, fundi wa kwanza hakuwa na ekrani, wa pili alisema iko karibu nusu ya bei ya simu yenyewe, wa tatu alimwambia: "Mama, hiyo sijawahi kuifungua." Kwa simu ya pili kwenye karatasi, wote watatu walikuwa na ekrani ndani ya kisanduku, na bei zao zilikaribiana. Mgongo wake ni wa plastiki, ekrani yake ni ya tambarare, haikunjwi pembeni, kwa hiyo poshete yenye ukingo ulioinuka inaifunika vizuri, uso usiguse chini ikilala. Si nzuri kwa macho kama ile nyingine. Video yake ya kuangushwa tuliitafuta, hatukuipata.

Kununua ekrani ya kopi kesho bado ni hatari, na hilo nilimwambia. Kopi nyingi zina kioo dhaifu, na simu iliyofunguliwa bila gundi nzuri inaingiza vumbi na maji kwa urahisi. Njo maana nilimwambia aweke dola mbili kila mwezi pembeni, ziitwe za ekrani, zisiguswe kwa harusi wala kwa matanga. Nikamwambia pia aweke kioo cha juu, kile tunakiita inkasable. Jina lile linanichekesha: maana yake kisichovunjika, na kazi yake nzima ni kuvunjika kwanza, ili kile cha chini kipone. Kitu chenye kuvunjika kwa dola moja kinaokoa kitu cha makumi tano.

Makuta niliongeza, kwa sharti moja. Kila Jumapili jioni mahojiano yote na kila ukurasa wa memwari viingie ndani ya flashi, na flashi ibakie nyumbani. Hakuna maabara, hakuna jeshi, hakuna herufi inayopima kilicho ndani ya simu. Simu ikivunjika ni dola. Miezi sita ya kazi yako ikifungiwa mule ndani, ni mwaka mzima.

Nawaomba basi kitu kimoja, ninyi mnaomaliza mwaka huu na ninyi mnaotafuta kazi. Msiache kutazama video za kuangusha. Tazameni, lakini muulize: simu ni mpya? toka urefu gani? juu ya nini? mara ngapi? Na video ikiisha, vaeni viatu mwende kwa fundi. Yeye anaona simu ambazo zimeisha kuanguka kwetu, juu ya mawe yetu, ndani ya mifuko yetu. Akifungua sanduku lake la vipande, utajua simu gani inategemewa kuishi hapa.

Juzi simu ya mdogo wangu ilianguka mara ya kwanza, kwenye ngazi za chuo. Alinitumia picha: pembe moja ya poshete imekwaruzwa, inkasable imepata ufa, ekrani ni nzima. Chini aliandika:

"Ya kwanza hiyo, Yaya. Bado makumi ine na ine."